Hesabu ya kemia ikigoma: anza kukagua wapi

Mitihani ya mwisho wa mwaka ikikaribia, simu yangu hujaa picha za madaftari. Ujumbe haubadiliki sana: "Shikamoo ticha. Namba saba imenikataa, nimerudia mpaka nimechoka." Nikiikuza picha, mara nyingi nakuta kalkuleta imefanya kazi yake vizuri kabisa. Kilichoharibika kiko mistari mitatu juu: fomula imekosewa, mlinganyo haujasawazishwa, au sentimita za ujazo zimeachwa kama zilivyo. Mwanafunzi anabonyeza namba zile zile na kupata jibu lile lile baya, halafu anaanza kuamini kwamba kemia si fungu lake.

Nimepanga mwongozo huu kwa dalili, kwa sababu dalili ndiyo unayoiona. Chini ya kila moja naanza na sababu ninayokutana nayo zaidi kwenye madaftari ya vijana wa hapa Dar es Salaam, kisha zile za nadra. Usiruke hatua. Fundi wa bodaboda anayejua kazi hutazama kwanza kama tenki lina mafuta. Hafungui injini kwa sababu tu pikipiki imegoma kuwaka.

## Ukaguzi wa kwanza, dalili iwe yoyote

Weka kalkuleta pembeni. Soma swali upya ukiwa na kalamu mkononi, uandike ulichopewa pamoja na vipimo vyake, unachotakiwa kutafuta, na mlinganyo wa mmenyuko kama upo. Kisha pitia mambo matatu.

Fomula ya kila kitu iko sawa? Kalsiamu hidroksidi ni Ca(OH)₂, si CaOH. Aluminiamu salfeti ni Al₂(SO₄)₃. Hapa ndipo nyumba nyingi hubomokea.

Mlinganyo umesawazishwa? Hesabu atomu kushoto, hesabu kulia, elementi moja baada ya nyingine. Usiangalie tu ukasema "unaonekana sawa".

Vipimo vinakubaliana? Kama molariti (idadi ya moli katika lita moja ya myeyusho) iko kwa lita, ujazo nao uwe kwa lita. Lita moja na desimita moja ya ujazo (dm³) ni kitu kimoja, na ndani yake mna sentimita za ujazo (cm³) 1000.

Ukimaliza hayo na jibu bado limegoma, tafuta dalili yako hapa chini.

## Jibu ni kubwa mno au dogo mno, la kushangaza

Umepata molariti 160, au 0.00016, na wewe mwenyewe unahisi si kweli.

Sababu ya kwanza ni cm³ ambazo hazikugawanywa kwa 1000. Ukiona jibu lako limepishana na la kitabu mara 1000 kamili, acha kutafuta kwingine. Pia kuna anayegawanya mara mbili: anabadilisha 250 cm³ kuwa 0.25, halafu kanuni aliyoikariri ina 1000 ndani yake, naye anaiweka tena. Chagua njia moja tu.

Sababu ya pili ni kuingiza namba ya Avogadro, 6.02 × 10²³, yaani idadi ya chembe zilizomo kwenye moli moja, mahali isipohitajika. Swali likiuliza moli ni ngapi, namba hiyo haina kazi. Inaingia pale unapoulizwa idadi ya atomu, molekuli au ayoni.

Ya tatu ni mabano. Chukua swali hili: gramu 14.3 za Na₂CO₃·10H₂O zimeyeyushwa kupata myeyusho wa 500 cm³. Moli moja ina uzito wa gramu 286, kwa hiyo una moli 0.05, na molariti ni 0.05 ÷ 0.5 = 0.1. Anayebonyeza 14.3 ÷ 286 × 0.5 kwa mkupuo anapata 0.025. Bonyeza 14.3 ÷ 286 ÷ 0.5, au andika moli kwanza kwenye karatasi. Napendelea karatasi, kwa sababu ukikosea njiani msahihishaji anaona ulikotoka na anaweza kukupa alama za hatua.

Dawa ya kudumu ya dalili hii ni kuwa na ngazi ya kulinganishia kichwani. Dripu ya chumvi ya hospitali ina gramu 9 za NaCl kwa lita. Gawanya kwa 58.5 upate takriban molariti 0.15. Pakiti ya ORS ya lita moja, kwa fomula inayotumika sasa ya Shirika la Afya Duniani, ina gramu 13.5 za glukosi. Uzito wa moli ya glukosi ni 180, hivyo ni molariti 0.075. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa kilo. Tukichukulia yote ni NaCl, tunapata kama molariti 0.6. Panda juu: asidi ya betri ya gari iko kwenye 4 hadi 5, asidi ya hidrokloriki kali ya maabara kama 12, na ya salfuriki kali kama 18. Maji matupu yenyewe, gramu 1000 kwa lita ukigawanya kwa 18, yana moli zipatazo 55.5 tu katika lita nzima. Basi chumvi ya molariti 160 utaipakia wapi ndani ya lita hiyo?

## Jibu ni nusu, au mara mbili, ya jibu sahihi

Ukipishana mara mbili kamili, kwenye maswali haya ya mwanzo, mtuhumiwa ni uwiano wa moli. Tuutazame kwa karibu, maana hii ndiyo dalili inayoletwa zaidi kuliko zote.

Swali: 25 cm³ za NaOH zimemalizwa na 20 cm³ za H₂SO₄ ya molariti 0.1. Tafuta molariti ya NaOH. Mwanafunzi anaandika 0.1 × 20 = M × 25, anapata 0.08, anapiga mstari chini ya jibu na kuendelea na maisha. Lakini mlinganyo unasema:

2NaOH + H₂SO₄ → Na₂SO₄ + 2H₂O

Kila moli ya asidi inakula moli mbili za NaOH. Moli za asidi ni 0.1 × 0.020 = 0.002. Moli za NaOH basi ni 0.004, na molariti ni 0.004 ÷ 0.025 = 0.16. Kanuni ya M₁V₁ = M₂V₂ haina kosa lolote, ila kazi yake ni kuzimua myeyusho mmoja kwa maji. Ukiichukua kwenda nayo kwenye mmenyuko wa vitu viwili, itakubali tu pale uwiano ulipo moja kwa moja, kama HCl na NaOH. Ndiyo maana inawadanganya watu: inafanya kazi kwenye swali la kwanza la zoezi na kuwasaliti kwenye la pili.

Sababu ya pili ni gesi za atomu mbili mbili. Hidrojeni ni H₂, oksijeni O₂, naitrojeni N₂, klorini Cl₂. Gramu 32 za gesi ya oksijeni ni moli moja. Ukigawanya kwa 16 umepata moli mbili, na kuanzia hapo kila kitu kimeongezeka maradufu.

Ya tatu hutokea maabara, na wengi hawaishtukii: kiashiria (dawa inayobadilika rangi mmenyuko ukifika mwisho) kisichofaa. Ukititresha Na₂CO₃ kwa HCl, yaani kuidondoshea asidi kidogo kidogo mpaka iishe, ukitumia POP (fenolfthalini) badala ya MO (methili oranji), rangi ya pinki inapotea kabonati ikiwa imefika tu kwenye hatua ya haidrojenikabonati, yaani nusu ya safari. Bureti, ule mrija wenye vipimo unaodondosha asidi, itakusomea nusu ya ujazo unaotakiwa, na hakuna hesabu itakayokuokoa. Kabonati na asidi kali, tumia MO. Asidi dhaifu na alkali kali, kama asidi ya oksaliki na NaOH, tumia POP.

## Jibu halikaribii popote

Sababu inayoongoza ni uzito wa moli uliokosewa. Hasa maji ya fuwele: nukta iliyoko katikati ya CuSO₄·5H₂O watu huisoma kama alama ya kuzidisha. CuSO₄ ni 159.5, maji matano ni 90, jumla 249.5. Nimewahi kuona 159.5 × 90 imeandikwa kwa mwandiko mzuri kabisa. Wengine huyasahau maji yenyewe: zile gramu 14.3 za juu ukizigawanya kwa 106 badala ya 286 unapata molariti 0.27 badala ya 0.1.

Baada ya hapo angalia mabano. Namba iliyo nje ya mabano inagusa kila kilichomo ndani. Al₂(SO₄)₃ ni 54 + 3 × 96, yaani 342.

Halafu kuna namba ya mbele kuingizwa kwenye uzito wa moli. Kwenye mlinganyo wenye 2NaOH, uzito wa moli ya NaOH unabaki 40. Ile 2 ni ya uwiano, iache huko huko.

## Swali la kuzimua linatoka tofauti na la mwenzako

Hapa soma Kiswahili chako vizuri, au Kiingereza cha mtihani. "Ongeza 150 cm³ za maji" si sawa na "ongeza maji mpaka ifike 150 cm³". Una 50 cm³ za myeyusho wa 0.4. Ukiongeza 150 cm³, ujazo wote unakuwa 200 na molariti 0.1. Ukiongeza mpaka ifike 150, molariti ni 0.133. Wanafunzi wawili wanaweza kubishana mpaka kipindi kiishe, kumbe kila mmoja amejibu swali lake.

Ukaguzi mwepesi: moli hazibadiliki kwa kuongeza maji. Zihesabu kabla na baada. Zikipishana, ujazo mmoja umeusoma vibaya.

## Jibu linakaribia lakini halifanani

Mara nyingi ni kukata namba mapema. Gramu 2.03 za NaCl ÷ 58.5 ni 0.0347, katika 250 cm³ unapata 0.139. Aliyeandika 0.03 akaendelea nayo anaishia 0.12. Beba namba zote mpaka mwisho, ukate mara moja tu.

Angalia pia uzito wa atomu. Tumia uliopewa na karatasi ya mtihani, hata kama kichwani una mwingine. Klorini ni 35.5, si 35. Shaba kuna wanaoandika 63.5 na wanaoandika 64.

Kwa gesi, angalia hali ya joto. Ujazo wa moli moja ni lita 22.4 kwenye nyuzi 0 za Selsiasi na kanieneo ya angahewa moja. Kwa joto la chumba vitabu vingi hutumia lita 24. Ukiperuzi mtandaoni utakutana na 22.7, hiyo imetokana na kanieneo sanifu iliyobadilishwa mwaka 1982 kuwa kilopaskali 100. Na kama unataka kujua, kwenye nyuzi 30, mchana wa kawaida hapa mjini, moli ya gesi inachukua karibu lita 24.9. Kwenye mtihani lakini andika wanachotaka wao.

Ukishakagua yote hayo, yupo mtuhumiwa wa mwisho: jibu lenyewe. Pamfleti zinazorudufiwa kwenye maduka ya fotokopi huwa na majibu yaliyokosewa, na kosa linasafiri kutoka nakala hadi nakala. Lakini usianzie hapo. Watu watatu waliofanya kila mmoja peke yake wakipata jibu moja tofauti na la pamfleti, hapo sawa.

## Mlinganyo haukubali kusawazika

Umejaribu kila namba, upande mmoja unakubali na mwingine unakataa. Kwa kawaida kuna kitu kimesahaulika au fomula ni mbovu.

Mfano ninaoukuta sana: CaCO₃ + HCl → CaCl₂ + CO₂. Huu hautakubali mpaka kesho, kwa sababu kulia hakuna hidrojeni hata moja. Maji yamesahaulika. Yarudishe, weka 2 mbele ya HCl, kazi imeisha. Kama kila elementi ipo pande zote mbili na bado unakataa, rudi kwenye valensi, yaani uwezo wa kila elementi kuungana na nyingine. Aliyeandika MgCl badala ya MgCl₂ anaweza hata kuusawazisha na bado akawa amekosa.

Kosa baya kuliko yote ni kubadilisha namba ndogo ya chini ili hesabu ikubali. Ukigeuza H₂O kuwa H₂O₂ umeacha maji, umeandika kitu kingine kinachouzwa duka la dawa kwa kusafishia vidonda. Namba za mbele ndizo zako za kuchezea. Za chini usiziguse.

Kwa mioto, fuata utaratibu: kaboni kwanza, hidrojeni, oksijeni mwisho. Chukua butani, mojawapo ya gesi zilizomo kwenye mtungi wa kupikia. C₄H₁₀ inatoa 4CO₂ na 5H₂O, oksijeni kulia zinakuwa 13, na kushoto zinakuja mbili mbili. Namba witiri imekukwamisha, basi zidisha kila kitu kwa mbili: 2C₄H₁₀ + 13O₂ → 8CO₂ + 10H₂O.

Ayoni kama SO₄ au NO₃ ikiwa haijavunjika, ihesabu kama kipande kimoja. Inapunguza maumivu sana kwenye 2Al + 3H₂SO₄ → Al₂(SO₄)₃ + 3H₂.

Kuna pia mlinganyo uliosawazika vizuri kwa mmenyuko usiotokea: Cu + 2HCl → CuCl₂ + H₂. Shaba iko chini ya hidrojeni kwenye msururu wa utendaji, haiwezi kuifukuza kutoka kwenye asidi hiyo. Namba zinakubali, shaba haikubali.

## Umepewa kiasi cha vitu viwili na hujui uanze na kipi

Wengi huanza na kilichotajwa kwanza, au chenye gramu nyingi. Zote mbili ni kubahatisha. Badilisha vyote kuwa moli, gawanya kila kimoja kwa namba yake ya mbele, na kilichotoka kidogo ndicho kinachoisha kwanza. Hicho ndicho kinachoamua jibu.

Gramu 2.4 za magnesiamu zimetiwa kwenye 100 cm³ za HCl ya molariti 1. Mg + 2HCl → MgCl₂ + H₂. Moli za Mg ni 0.1, za HCl nazo 0.1, na mwanafunzi anasema zinalingana. Hazilingani: 0.1 ya magnesiamu inataka 0.2 ya asidi. Asidi inaisha, nusu ya magnesiamu inabaki, hidrojeni ni moli 0.05, sawa na lita 1.12 kwenye hali sanifu. Aliyeanza na magnesiamu amepata lita 2.24, mara mbili.

Swali likikuambia kimoja "kimezidi", shukuru, wamekufanyia kazi hiyo. Na likitaja usafi wa malighafi, kata kwanza kilicho kichafu. Kilo 50 za chokaa mawe, kama ile inayochimbwa Wazo, zingetoa kilo 28 za CaO kama zingekuwa CaCO₃ tupu, maana 100 inatoa 56. Kwa usafi wa asilimia 90 tegemea kilo 25.2.

## Bureti inasoma tofauti kila mara

Hili ni la maabara, na nalipa nafasi kwa sababu alama za praktiko huenda hivi hivi.

Anza na ncha ya bureti. Ukiona kiputo cha hewa chini ya bomba, fungua kwa nguvu kidogo mpaka kitoke, kisha ndiyo usome mwanzo. Kiputo kikitoka katikati ya kazi kinahesabika kama asidi uliyotumia.

Pili, umesuuza nini kwa nini? Bureti na pipeti husuuzwa kwa maji kisha kwa myeyusho utakaoingia humo. Ukiacha maji ndani, umezimua myeyusho bila kujua. Chupa ya koni ni kinyume: maji tu. Ukiisuuza kwa alkali, tone linalobaki ukutani ni moli za ziada ambazo hukuzipima, na kila duru linabaki tofauti.

Tatu, jicho. Liwe usawa wa mstari, na soma chini ya mkunjo wa kimiminika. Kwenye meza ndefu za maabara za shule zetu, mfupi asimame kwenye kigoda, asisome kutoka chini.

Nne, kiashiria kingi. Matone mawili au matatu yanatosha. MO ikifika mwisho ni rangi ya chungwa. Ikishakuwa nyekundu umepita.

Tano, ule mzunguko wa majaribio usiingie kwenye wastani. Chukua zinazokaribiana, zisizopishana zaidi ya 0.2 cm³ au kiwango kilichotajwa kwenye karatasi yako.

Kama zote zinakaribiana vizuri lakini jibu haliko sawa, shuku NaOH yenyewe. Vipande vyake vinanyonya unyevu, na Dar unyevu haujawahi kupungua. Myeyusho ukiachwa wazi unavuta kabonidioksidi ya hewa. Hapo mwite mwalimu, hiyo siyo kazi yako kuirekebisha.

Na kwenye utambuzi wa chumvi kuna kituko kimoja: kila chumvi inaonyesha kloridi. Umetia nitreti ya fedha, mashapo meupe kila testi tubu. Jaribu maji yako peke yake kwanza. Visima vingi vya upande wa pwani vina chumvi, na mirija iliyosuuzwa kwa maji hayo itakuonyesha kloridi hata mahali isipokuwepo. Tumia maji yaliyokenekwa.

## Maswali ya maada: la kifizikia au la kikemikali?

Hapa kosa ni moja tu kubwa, kutegemea kigezo cha "linarudi au halirudi". Kigezo hicho kinasaidia lakini kinavuja. CuSO₄·5H₂O ya bluu ukiipasha inakuwa nyeupe, ukiidondoshea maji inarudi bluu, na bado limetokea badiliko la kikemikali. Uliza badala yake: kuna kitu kipya chenye fomula nyingine? Maji ya bahari yakikauka kwenye mashamba ya chumvi ya Bagamoyo, NaCl iliyokuwemo ndiyo iliyobaki, la kifizikia. Msumari ukila kutu, chuma kimekuwa kitu kingine.

Mchanganyiko na kampaundi: ukiweza kubadilisha vipimo na kitu kikabaki na jina lake, ni mchanganyiko. Chai ya sukari kijiko kimoja au vinne ni chai. Maji hayakupi uhuru huo.

## Simama hapa, tafuta msaada

Kwa hesabu: ukishapitia ukaguzi wa kwanza na dalili yako, na swali limekula nusu saa, funga daftari. Nenda kwa mwalimu, lakini nenda na kazi yote, siyo jibu tu. Picha yenye jibu peke yake hainiambii chochote. Mzazi naye, mwanao akikosa maswali ya aina zote hata yale ya gramu kuwa moli, tatizo ni uwiano na desimali za hisabati. Mtafutie msaada wa hisabati kwanza, kumwongezea tuisheni ya kemia hakutasaidia.

Kwa mikono, sheria ni kali zaidi.

Usizimue asidi kali peke yako. Mwalimu awepo, na asidi ndiyo inayotiwa kwenye maji, kidogo kidogo huku ukikoroga. Ukimimina maji juu ya asidi ya salfuriki, joto linaweza kuyachemsha ghafla na kurusha asidi usoni.

Usifanye majaribio nyumbani kwa "maji ya betri". Jina hilo hutumika kwa maji yaliyokenekwa na kwa asidi yenyewe, na vyote huuzwa kwenye chupa za plastiki zinazofanana. Kama lebo haipo au haisomeki, ichukulie kuwa ni asidi.

Usichanganye jiki na dawa ya choo yenye asidi, wala na kitu chenye amonia. Ya kwanza inatoa gesi ya klorini, ya pili kloramini, zote zinachoma mapafu. Ikishatokea, toka nje kwanza, kusafisha baadaye. Mtu akikohoa bila kuacha au akibanwa kifua, apelekwe hospitali bila kusubiri.

Asidi au alkali ikikurukia, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20, vua nguo iliyolowa, usipake mafuta wala maziwa. Ikiwa ni jichoni, osha hivyo hivyo kisha hospitali hata kama maumivu yametulia, hasa kwa NaOH, ambayo huendelea kula ndani bila kelele.

Na ukikuta kwenye kabati la maabara chupa ya zamani isiyo na lebo, usiinuse, usiionje, usiimwage kwenye sinki. Iache ilipo umwambie mtunza maabara. Shule ikitaka kuiteketeza, inayosimamia kemikali nchini ni Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Na kama imemwagika na inatoa moshi, watoe watu nje na mpigie Zimamoto, 114.